Timu ya chuo imeporomoka: tuanze na kocha au tuanze na usajili?

Mlezi wa Timu

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi ambacho sitakitaja, na pia ni mlezi wa timu yake ya soka ya wanaume. Timu hii iliwahi kuogopwa katika mashindano ya vyuo, lakini siku hizi wapinzani wakipangwa nasi huwapumzisha wachezaji wao wa kutegemewa. Msimu uliopita tulimaliza mkiani, kocha akajiuzulu kabla ya mechi za mwisho, na vijana waliobaki wamegawanyika kati ya wanaokuja mazoezini kwa mazoea na wanaokuja kwa sababu wanataka cheti cha ushiriki.

Utawala umetenga fedha kidogo, nami nimeombwa niandike mapendekezo ya jinsi ya kuzitumia. Katika kamati yetu kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inataka tumwajiri kocha mwenye jina, mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la timu ya ligi kuu, kwa hoja kwamba jina lake litavuta vijana. Kambi ya pili inasema kocha hafungi mabao, kwa hiyo fedha zote zilipe karo ya wachezaji wanne au watano wenye vipaji vya wazi, na yeyote aliyepo awafundishe. Kufanya yote mawili hatuwezi.

Nalileta suala hili hapa kwa sababu najua baadhi yenu hufuatilia michezo ya vyuo vya Marekani, hasa futiboli yao, ambako zipo timu zilizodhaniwa zimekufa zikaja kufufuka, na nyingine zenye historia ndefu zikazama zisiibuke. Najua mchezo huo si wetu na fedha zile hatutaziona. Hata hivyo, tatizo la msingi linafanana: una kundi la vijana ambao lazima waondoke kila baada ya miaka minne, huwezi kuwashikilia kwa mkataba mrefu, na kila mwaka unatakiwa kujaza nafasi zao kabla pengo halijaonekana. Waliofaulu huko walianzia wapi? Na katika waliyofanya, ni lipi linaloweza kufanyika hapa kwetu bila kujidanganya?

---

Mtunza Rekodi

Mwalimu, ni vyema umeuliza kabla fedha hazijatumika. Kwa maoni yangu kambi zenu mbili zinagombania jambo moja lililokatwa vipande viwili, kwa sababu katika mifano ninayoifahamu, kocha aliyefufua timu alifika akiwa tayari anajua atawatoa wapi wachezaji ambao wengine hawawatazami, na maarifa hayo ndiyo yaliyokuwa na thamani kuliko jina lake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kansas State, chuo kilichoko katika mji mdogo wa Manhattan, jimboni Kansas. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini, hapakuwa na chuo kikubwa Marekani kilichokuwa kimepoteza mechi nyingi kukizidi. Misimu ya 1987 na 1988 ilipita bila ushindi hata mmoja. Mwishoni mwa 1988 kikamwajiri Bill Snyder, aliyekuwa akisimamia safu ya mashambulizi ya chuo cha Iowa chini ya kocha Hayden Fry. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 50 na alikuwa hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo kikubwa. Kwa vipimo vya kambi yenu ya kwanza, asingeitwa hata kwenye usaili.

Msimu wake wa kwanza, 1989, ulikuwa na ushindi mmoja na vichapo kumi, na ushindi wenyewe, wa 20 kwa 17 dhidi ya North Texas, ulipatikana muda wa mechi ukiwa unaisha. Mwaka uliofuata alishinda mechi tano, kisha saba, kisha akarudi kwenye tano, na mwaka 1993 akafikisha tisa. Naomba wanakamati wako wautazame mfuatano huo, hasa mwaka wa nne ulioteremka, kwa sababu hapo ndipo utawala wenye papara ungemfukuza. Kuanzia 1993 hadi 2003 Kansas State haikukosa hata mwaka mmoja kualikwa kwenye mapambano ya baada ya msimu, mwaka 1998 ilimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa, na 2003 ikawa bingwa wa ligi yake, Big 12, kwa kuichapa Oklahoma 35 kwa 7.

Sasa, wachezaji aliwatoa wapi? Vijana hodari wa shule za upili hawakutaka kusikia habari za Manhattan, na Snyder hakupoteza muda mwingi kuwabembeleza. Aliingia kwenye vyuo vya miaka miwili, ambavyo huko hupokea vijana wengi wenye vipaji lakini ambao alama zao au hali zao za nyumbani haziwaruhusu kuingia moja kwa moja chuo kikuu. Kotabeki wake wa 1998, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, aliitwa Michael Bishop, na alitoka Blinn College, chuo cha aina hiyo huko Texas. Mwaka huo Bishop alishika nafasi ya pili katika kura za tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya mchezaji bora wa vyuo.

Jambo la pili linalosahaulika ni wasaidizi. Bob Stoops, aliyekuja kuipa Oklahoma ubingwa wa taifa wa msimu wa 2000, alipita kwenye benchi la Snyder. Jim Leavitt aliyeanzisha timu ya South Florida alipita hapo, na Mark Mangino aliyeinua Kansas, jirani na hasimu wa Kansas State, alipita hapo pia. Ukilipa fedha zote kwa jina moja kubwa, mtu huyo atafika peke yake, atafundisha peke yake, na siku akiugua mazoezi yatafutwa.

Kuna na la tatu ambalo Snyder alilaumiwa nalo sana, nami naona lilikuwa la busara: mechi zake zisizo za ligi alizipanga dhidi ya timu dhaifu. Kundi la vijana waliozoea kufungwa linahitaji kujua kushinda kunafananaje kabla ya kupelekwa kwa wakubwa. Nasikia vyuo vyetu vikijisifu kwamba vimecheza mechi ya kirafiki na timu ya ligi kuu, vikafungwa saba bila, halafu wiki inayofuata vijana wanaingia kwenye ligi ya vyuo vichwa vikiwa chini.

---

Mkaazi wa Ziwani

Ndugu Mtunza Rekodi ametueleza vizuri, lakini ametueleza habari za zama zilizokwisha. Futiboli ya vyuo vya Marekani leo ni soko la wachezaji. Mfumo wa uhamisho ulifunguliwa Oktoba 2018, na mwaka 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima kama zamani. Mwezi Julai mwaka huo huo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kuanzia Julai 2025, baada ya suluhu ya kesi iitwayo House, chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa takribani dola milioni 20.5. Mwalimu anazungumzia karo ya vijana watano, na sisi tunamletea hadithi za watu hao?

Kama kuna cha kujifunza huko, basi ni onyo kwa kambi ya pili. Colorado ilishinda mechi moja tu mwaka 2022, ikamleta Deion Sanders, nyota wa zamani ambaye jina lake linajulikana hata kwa wasiotazama mchezo huo. Aliwaondoa wachezaji wengi sana aliowakuta na kujaza kikosi kwa waliohama kutoka kwingine, akiwemo mwanawe Shedeur na kijana Travis Hunter. Mwaka wa kwanza walishinda mechi nne. Mwaka wa pili, 2024, walishinda tisa, na Hunter akatwaa Heisman. Hunter na Shedeur wakaenda kucheza kulipwa, na msimu wa 2025 Colorado ikashinda mechi tatu. Walikuwa na jina la kocha na walikuwa na nyota, yaani kambi zote mbili za kamati yako kwa pamoja, na bado wakaporomoka.

Jambo jingine, Mwalimu, ambalo hukulitaja lakini linajulikana katika mashindano yetu ya shule na vyuo: mamluki. Shinikizo la kushinda haraka likiwa kubwa, mtu atakuja na wazo la kumwandikisha kijana ambaye hajawahi kuonekana darasani. Chuo cha SMU cha Dallas kilikuwa kikiwalipa wachezaji kwa siri, na mwaka 1987 timu yake ikafungiwa msimu mzima. Kikashindwa kuunda kikosi hata 1988. Hakikurudi kwenye pambano la baada ya msimu hadi 2009. Liandike hilo katika mapendekezo yako, hata kama hakuna aliyekuuliza.

---

Mwalimu wa Michezo, Eastlands

Nimefundisha michezo katika shule za upili upande huu wa jiji kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaacha Marekani kidogo na nizungumze juu ya jinsi vijana wetu wanavyofika chuoni, kwa sababu nadhani ndipo mapendekezo ya Mwalimu yatakapofaulu au kuanguka.

Kocha wa Marekani humtembelea kijana nyumbani, akazungumza na mama yake, akampa ufadhili wa masomo na kumwingiza chuoni. Kwetu hapa anayempanga mwanafunzi wa serikali katika chuo ni KUCCPS, na anampanga kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, na kwa kozi alizochagua mwenyewe. Kocha hana sauti katika mfumo huo. Kutokana na hali hiyo, vyuo vingi vimekata tamaa vikahitimisha kwamba usajili hauwezekani, na kwamba unasubiri wanaofika kisha unabandika tangazo karibu na bweni. Huko ni kuacha mlango ambao uko wazi. Kijana ndiye anayejaza machaguo yake. Akikaa mbele ya kompyuta ya saiba mtaani kwao bila mtu wa kumshauri, atachagua chuo alichosikia kwa binamu yake. Kama kocha wako alizungumza naye na wazazi wake miezi kadhaa kabla, akamweleza ni kozi gani inayolingana na alama zake na ni siku zipi timu hufanya mazoezi, atajua cha kujaza. Na hata baada ya kupangwa, kuna dirisha la kuomba kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine. Huo ndio usajili wetu, na gharama yake ni nauli ya matatu, muda, na uvumilivu wa kuketi na wazazi.

La pili linahusu kile alichosema ndugu Mtunza Rekodi kuhusu vyuo vya miaka miwili. Hapa kwetu vipo, ila hatujawahi kuvitazama hivyo. Kuingia shahada kunahitaji alama ya wastani ya C+, na kuingia diploma kunahitaji C-. Kila mwaka nawaona vijana waliovaa jezi za shule kubwa za soka, tuseme Kakamega au St. Anthony's ya Kitale, waliofika mashindano ya kitaifa muhula wa pili, kisha KCSE ikawatupa chini ya C+ kwa sababu ya muda walioutumia uwanjani. Wanaingia vyuo vya kiufundi kusomea uhandisi wa umeme, ujenzi au upishi. Wanacheza huko bila mtu kuwatazama. Akimaliza diploma yake kwa alama nzuri, kijana huyo anaweza kujiunga na shahada, na anakujia akiwa na miaka ishirini na kitu, amekomaa mwili, amejua kujitegemea, na ana hamu kubwa ya kupewa nafasi ya pili. Nendeni kwenye mechi za vyuo vya kiufundi. Sijaona hata kocha mmoja wa chuo kikuu akiketi huko na daftari.

Mitaani nako ni hivyo hivyo. Mashindano ya Koth Biro uwanjani Umeme, Ziwani, huwa kila mwisho wa mwaka, wakati ambapo vyuo vimefungwa na makocha wengi wako mashambani. MYSA, chama cha michezo cha vijana cha Mathare, imekuwa ikiwalea vijana tangu 1987, na timu iliyotokana nayo, Mathare United, ilitwaa ligi kuu mwaka 2008. Wengi wa vijana hao wana vyeti vya shule. Kinachowakwaza ni karo. Msifikiri kwamba soka na masomo haviwezi kukaa pamoja: Michael Olunga alikuwa akisoma Technical University of Kenya huku akicheza ligi kuu.

---

Mlezi wa Timu

Nashukuru sana. Suala la diploma sijawahi kulisikia likitajwa katika kamati yetu, na nitauliza ofisi ya msajili wetu wanafunzi wangapi huingia kwa njia hiyo na katika idara zipi.

Hata hivyo, bado nina shaka moja. Kijana akija kwetu mwenye kipaji, klabu za jiji humwona baada ya mechi chache, zikampa marupurupu ambayo sisi hatuwezi kuyafikia, na siku ya mechi yetu anakuwa na mechi ya klabu. Sasa hata tukisajili vizuri, tutakuwa tunawalisha wengine. Je, huko Marekani waliokuwa wanyonge walizuiaje wachezaji wao wasichukuliwe?

---

Nahodha Mstaafu

Shikamoo Mwalimu. Niliongoza timu ya wanawake ya chuo kimoja hapa Nairobi, na tatizo unalolieleza tulilikuta, ingawa kwa upande wetu klabu zilikuwa chache.

Kwa ufupi ni kwamba hawakuwazuia, na wewe pia hutaweza. Kwa hiyo swali langu kwako ni nini kinachomfanya mchezaji achague kubaki. Indiana ndiyo mfano wa karibuni. Kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa timu zenye vichapo vingi kuliko zote katika historia ya futiboli ya vyuo. Mwaka 2023 ilishinda mechi tatu tu. Ikamleta Curt Cignetti, mtu wa miaka 62 ambaye aliwahi kuwa msaidizi na mratibu wa usajili wa kocha Nick Saban huko Alabama, kisha akaacha kazi hiyo mwaka 2011 akaenda kuongoza chuo kidogo cha daraja la pili huko Pennsylvania, baadaye Elon, baadaye James Madison. Msimu wa kwanza Indiana, 2024, alishinda mechi 11 na kupoteza mbili. Msimu wa pili hakupoteza hata moja: mechi 16, ushindi 16, na ubingwa wa taifa Januari 2026 kwa kuifunga Miami 27 kwa 21.

Ndugu Mkaazi wa Ziwani atasema ni fedha, na fedha zilikuwepo. Lakini tazama aliwachukua akina nani. Zaidi ya kumi walimfuata kutoka James Madison, chuo ambacho wakubwa hawakikodolei macho, na wasaidizi wake wa mashambulizi na wa ulinzi walimfuata pia. Alitafuta wachezaji waliokwisha kucheza na kufanya vizuri mahali padogo, badala ya vijana wanaosifiwa kwa watakachokuja kufanya. Kotabeki wake wa 2025, Fernando Mendoza, alihama kutoka chuo cha California, na hakuwa miongoni mwa waliogombaniwa alipomaliza shule ya upili. Chini ya Cignetti akatwaa Heisman. Vijana hao walibaki kwa sababu waliona kila siku kwamba mtu huyu anawafanya wawe bora kuliko walivyokuja. Klabu ya jiji itampa mchezaji wako nauli na marupurupu, lakini mara nyingi itamketisha benchi na hakuna atakayemfundisha kupiga krosi kwa mguu wa kushoto. Chuo kinaweza kumpa hicho, kama kina kocha anayefika mazoezini kila siku.

Hapo nina maneno makali kidogo kwa kambi ya kwanza. Makocha wenye majina tuliowaona vyuoni walikuwa na kazi tatu, na chuo kilikuwa ya tatu. Tulikuwa tukianza mazoezi saa kumi na mbili asubuhi na yeye anafika saa moja unusu akiwa kwenye simu. Kocha asiyejulikana lakini anayekaa nusu saa baada ya mazoezi, anayejua nani ana mtihani wa marudio na nani hajala tangu jana, ndiye aliyetufanya tukatae mechi za klabu Jumamosi.

Na kabla hujaenda Koth Biro, Mwalimu, anzia mabwenini. Mlinda lango wetu bora alikuwa akicheza mpira wa mikono. Beki wa kati tulimtoa katika mechi za vitivo, ambako alikuwa anachezea Kitivo cha Kilimo akiwa amevaa viatu vya raba vya darasani. Wanafunzi maelfu kwa maelfu wako ndani ya ua wako, karo zao zimekwisha kulipwa, mkopo wao wa masomo wa HELB umeshatoka, na hakuna klabu iliyowahi kuwaona.

---

Mkaazi wa Ziwani

Dada, Indiana naikubali kwa nusu. Ni kweli kwamba kocha aliteua kwa akili. Lakini chuo hicho kimo ndani ya Big Ten, ligi yenye mikataba minono ya televisheni, na kilipoona matokeo kilifungua mkoba na kumpandishia mshahara ili asihame. Kocha wetu wa Nairobi akifaulu, mwaka wa pili atachukuliwa na klabu, na chuo kitabaki na daftari lake kama aliliacha. Ndiyo maana hoja ya wasaidizi aliyoitoa Mtunza Rekodi naiona kuwa nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Mwajiri kocha wa kadiri, na fedha zinazobaki zilipe posho ya wasaidizi wawili walio wahitimu wa chuo hicho hicho, ili akiondoka pawe na mtu anayejua kazi ilifikia wapi. Karo ya nyota watano naipinga kabisa.

---

Mwalimu wa Michezo, Eastlands

Mimi siipingi kabisa. Weka karo ya mmoja au wawili kwa mwaka, na msiitoe mwanzoni. Mpe kijana muhula mmoja, aonyeshe kwamba anahudhuria darasa na mazoezi, ndipo alipiwe. Nimeona wafadhili wakilipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kijana akatoweka kufikia Machi.

---

Mtunza Rekodi

Kwa kuwa ndugu zangu wamezungumzia fedha vizuri, niongeze juu ya muda, maana nina hofu kwamba mapendekezo ya Mwalimu yatakubaliwa leo na kusahauliwa baada ya vichapo vinne.

Northwestern ni chuo cha masomo magumu karibu na Chicago. Kati ya 1979 na 1982 kilipoteza mechi 34 mfululizo. Gary Barnett alianza msimu wa 1992 akashinda mechi tatu, mwaka uliofuata mbili, na wa tatu tena tatu pamoja na sare moja. Ushindi nane katika miaka mitatu. Utawala wa chuo ukamwacha aendelee, na mwaka 1995, wachezaji aliowasajili mwenyewe walipokuwa wamefika mwaka wa tatu na wa nne, alianza kwa kuifunga Notre Dame 17 kwa 15 ugenini na kumaliza akiwa bingwa wa Big Ten, akaenda Rose Bowl, pambano la baada ya msimu. Ukihesabu vizuri, hakuna njia ambayo angeweza kufika hapo mapema zaidi, kwa sababu vijana wenyewe walikuwa bado wanakua.

Upande wa pili ni Nebraska, chuo chenye mataji matano ya taifa, la mwisho likiwa la 1997. Mwaka 2003 walimfukuza Frank Solich akiwa ameshinda mechi tisa na kupoteza tatu, kwa sababu tisa zilionekana chache. Mwaka 2014 wakamfukuza Bo Pelini, naye pia akiwa na ushindi tisa na vichapo vitatu. Kila kocha mpya alikuja na mtindo wake, akawakuta wachezaji waliosajiliwa kwa mtindo mwingine, na kufikia 2017 wakaingia katika misimu saba mfululizo ya kupoteza kuliko kushinda. Walikuwa na fedha na uwanja unaojaa kila wiki, wala mashabiki hawakuwahi kuwahama.

Kwa hiyo, Mwalimu, ningekuomba uiandikie kamati muda wa miaka mitatu kwa maandishi, na useme mapema watapimaje maendeleo katika mwaka wa kwanza. Usiweke idadi ya ushindi. Weka mahudhurio ya mazoezini, idadi ya wachezaji waliobaki kutoka muhula hadi muhula, waliofaulu mitihani, na mabao tuliyofungwa dakika ishirini za mwisho, kwa sababu hapo ndipo timu isiyo na mazoezi ya mwili huanguka.

---

Mlezi wa Timu

Nimeisoma michango yote mara mbili, na jana usiku niliandika rasimu. Nimependekeza kocha wa kudumu asiye na kazi nyingine wakati wa mazoezi, na wasaidizi wawili walio wahitimu wetu wanaolipwa posho. Sharti la usaili ni kwamba kila mwombaji aje na orodha ya mahali atakapowatafuta wachezaji, aeleze kwa nini hapo, na aseme nani atakayemsaidia. Karo nimeiwekea vijana wawili tu kwa mwaka, baada ya muhula wa kwanza, kama alivyoshauri Mwalimu wa Eastlands. Muda wa miaka mitatu nimeuandika katika aya ya kwanza, pamoja na vipimo alivyovitaja Mtunza Rekodi. Habari ya mamluki nimeiweka pia, ingawa naijua sura atakayoikunja mmoja wa wanakamati.

Mkuu wa michezo ameisoma rasimu na swali lake la kwanza lilikuwa kama tunaweza kuandika miaka miwili badala ya mitatu. Nimekataa. Amesema tutalijadili kamatini.

Nina ombi moja la mwisho. Mashindano ya vitivo yanaanza wiki ya tatu ya muhula, na kwa sasa hatuna kocha wa kuyatazama. Dada Nahodha, na wewe Mwalimu wa Eastlands, kama mnaweza kunipa Jumatano mbili za alasiri mkae nami kando ya uwanja, chai na mandazi nitanunua mwenyewe, na majina tutakayoandika nitamkabidhi kocha mpya siku atakayoripoti kazini.

---

Nahodha Mstaafu

Jumatano ya kwanza nitafika saa tisa. Naomba unitafutie ratiba ya mechi za wanawake pia, kwa sababu sioni zikitajwa popote katika rasimu yako.